Koti la Mwili wa Mwakani

Hivi nani aliwadanganya wazazi kwamba mtoto wa miaka mitano akivalishwa koti la mtoto wa miaka minane atakua haraka kulifuata? Nendeni soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, msimu wa harusi na komunio mjionee wenyewe. Mtoto kasimamishwa mbele ya rundo, mikono ya koti imemeza vidole vyote, muuzaji anapiga makofi: "Mama, limemkaa!" Na mama, bila aibu, anajibu: "Chukua tu, atakua." Sikatai, atakua. Ila harusi ni Jumamosi hii.

Kwangu mimi balaa limeletwa na kamati ya harusi ya shemeji. Wameamua wanangu wawili watangulie mbele ya maharusi. Kuhusu hilo sikuulizwa. Nilichoulizwa ni mchango. Rangi ya sare ni damu ya mzee na dhahabu. Mama watoto akaenda mnadani, akarudi na suti na gauni, vyote vya mwili wa mwakani. Nikamvalisha kijana. Alikuwa kama kigingi kilichoanikwa blanketi.

Mtasema peleka kwa fundi. Fundi yupi? Fundi cherehani wa mjini umpelekee vitenge vya sare ya wanakamati, atakuita bosi na kiti atakupa. Mpelekee suruali ya mtoto ya kupunguza, hata kichwa hainui: "Acha hapo mzee, pitia kesho." Kesho hiyo ndugu zangu mimi siijui inaangukia siku gani. Ukirudi, suruali imelaliwa na marobota ya watu, na fundi anakuuliza wewe ilikuwa ya rangi gani.

Basi nimenunua sindano na uzi. Mwanaume mzima, sebuleni, taarifa ya habari inaendelea, mimi napinda suruali.

Na washauri hawakosi. Jirani kapita: "Si ukate tu hapo chini?" Usikate! Kitambaa kikishakatwa hakirudi, na mtoto mwakani suruali ataihitaji. Unakunja kwa ndani, unapiga pasi mkunjo ushike, ndipo unashona kwa mkono. Sindano ichukue kitambaa cha kutosha kwa ndani, lakini upande wa nje ionje nyuzi moja au mbili tu, mshono usionekane. Na uzi usiuvute kwa hasira za mchango, pindo litajikunjakunja. Mikono ya koti ndiyo rahisi zaidi: ikunje kwa ndani, uishikize kwenye bitana peke yake. Nje hakuna atakayeona kitu, hata yule mama mkwe anayekagua.

Kiuno sasa. Mtoto anamaliza sahani ya ugali na maharage, anaongeza ndizi, kiuno hana! Sijui chakula kinakwenda wapi. Unachana kidogo mkanda wa suruali kwa ndani, unachomeka pini kwenye ncha ya lastiki, unaipitisha nyuma upande hadi upande, unashona ncha zote mbili. Pini uitoe, tafadhali.

Vifungo ndivyo vinanimaliza. Vya koti jipya vimeshikwa na uzi wa kukutania, ukivuta kimoja uzi wote unafumuka. Vyote virudie kabla mtoto hajavaa. Laza njiti ya kibiriti juu ya kifungo, shona ukipita juu yake, ukimaliza chomoa njiti, uzungushe uzi chini ya kifungo, ufunge fundo. Hapo kifungo kina nafasi ya kupumua, koti likifungwa halivutiki.

Gauni la binti ndilo kesi kubwa. Limeshonwa na mtu ambaye akili yake yote ilikuwa Dar es Salaam: mabega wazi, mgongo wazi, neti tupu. Huku tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Juni hata mbwa hatoki nje bila sababu. Nimependekeza fulana nyeupe ya mikono mirefu ndani. Mama watoto kaniangalia tu. Haya. Kwanza neti yenyewe inawasha. Pale kiunoni inaposhonewa, mtoto anajikuna mpaka machozi. Nimechana kipande cha kanga kuukuu, laini, nikakishonea kwa ndani kuufunika ule mshono. Kimya kikarudi. Zipu nayo ikagoma katikati ya mgongo, nikaisugua mshumaa meno yote, ikateleza. Pasi ya mkaa usiikaribishe kwenye neti, itayeyuka na kukuachia dirisha. Weka kitambaa katikati, na moto uwe mdogo.

Ile tai ya kipepeo ya kijana nimefupisha lastiki, maana ilikuwa inamshuka kitovuni. Taji la binti nimelishonea vichana viwili vidogo vishike nywele. Viatu sigusi. Viatu navyo ni vya mwakani, tumejaza pamba.

Sasa sikieni. Mama watoto kaona kazi, badala ya kuninong'oneza shukrani, kaitangaza mtaa mzima. Tangu jana mlango unagongwa. Gauni la komunio, sketi ya kwaya, tai ya mtoto wa mwenyekiti. Leo jioni jirani yule yule wa "kata tu" kaja na suruali ya mumewe.

Nimemwambia aache hapo, apitie kesho.