Umeme wa shirika moja nao unahitaji haki za mteja zilizoandikwa

Tangu nihamie Uingereza nimewasikia ndugu zetu wengi wa Unguja na Pemba wakisema kwamba dawa ya kero za umeme wa Zanzibar, unaouzwa na shirika moja tu, ni kuruhusu makampuni mengi yauze, ili mteja asiyeridhika ahamie kwingine. Mimi ninaishi katika soko la aina hiyo, na sikubaliani nao.

Bei ya gesi ilipopanda mwaka 2021, makampuni karibu 30 ya kuuza nishati yalianguka hapa ndani ya miezi michache. Taa hazikuzimika, na waliokuwa wamelipa kabla hawakupoteza salio lao, kwa sababu mdhibiti, Ofgem, alikuwa na kanuni za kuwahamishia wateja kwa muuzaji mwingine. Gharama yake, hata hivyo, iligawanywa katika bili za nchi nzima. Wingi wa wauzaji haukutulinda. Kilichotulinda ni kanuni.

Tena wauzaji tunawachagua, lakini mwenye nguzo na nyaya hatumchagui, kwani kila eneo lina kampuni moja tu. Kampuni hiyo isiyo na mshindani imefungwa kwa viwango: hitilafu ikikukosesha umeme zaidi ya saa 12 katika hali ya hewa ya kawaida, unastahiki fidia ya kiasi kilichotajwa. Kila nikiifikiria kanuni hii naikumbuka Disemba 2009, pale waya wa baharini unaotoka Ras Kiromoni, bara, hadi Fumba ulipoharibika na Unguja ikakaa takriban miezi mitatu bila ya umeme wa gridi, mwenye jenereta akiwasha na asiyekuwa nalo akisubiri. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja mwaka 2013, na Pemba ilikwisha kuunganishwa na Tanga mwaka 2010. Mafundi wamefanya kazi kubwa, nami nawashukuru kwa dhati. Ninachokidai ni kwamba haki ya mteja nayo ipige hatua kama hiyo.

Mamlaka ya udhibiti tunayo. ZURA, inayosimamia huduma za maji na nishati Zanzibar, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na wananchi wengi wanaijua kwa bei za mafuta inazozitangaza kila mwezi. Natamani wajue kwa wepesi huohuo nini wanastahiki umeme unapokatika, malalamiko yajibiwe ndani ya siku ngapi, na nani wa kumwendea yasipojibiwa. Huku Uingereza, malalamiko yakipita wiki 8 bila ufumbuzi, mteja huyapeleka kwa msuluhishi huru ambaye uamuzi wake humfunga muuzaji.

Jambo linalonigusa zaidi ni mita za kulipia kabla. Kwetu Tukuza, yaani mita ya aina hiyo, ni jambo la kawaida, na wengi wanaipenda kwa kuwa haimwachii mtu deni. Hapa, mwaka 2023, Ofgem ilisimamisha ufungaji wa mita hizo kwa nguvu baada ya gazeti kufichua mawakala walivyokuwa wakiingia majumbani mwa wagonjwa na wasiojiweza. Kanuni pia zinataka umeme usikatike usiku kwa sababu tu salio limekwisha. Mteja hulipa baadaye. Mzee wa Micheweni, Pemba, mwenye insulini kwenye friji anahitaji ulinzi huo kuliko mimi, kwa sababu duka la kununulia umeme likishafungwa, na simu yake haina pesa, hana pa kwenda mpaka asubuhi. ZURA inaweza kuanza na kanuni hiyo moja.