Stesheni peke yake haitoshi

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema stesheni ya reli ikishajengwa kijijini, kiunga cha jiji kitachipuka chenyewe. Hapo sikubaliani naye. Stesheni ngapi zimekaa miaka na miaka katikati ya mashamba zikipakia maziwa na nafaka tu?

Kinachobadilisha mambo ni ratiba na nauli. Treni isipofika mjini kabla ya saa ya kuingia kazini, hakuna mfanyakazi atakayehamia huko. Tazameni London: viunga vyake vya Walthamstow na Edmonton vilijaa nyumba za wafanyakazi kwa sababu kampuni ya reli ya Great Eastern ilibanwa na sheria iendeshe treni za alfajiri kwa nauli ya chini. Mwaka 1883 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya treni nafuu, ikazigusa na kampuni nyingine. Japani nako, kampuni iliyofungua reli kutoka Osaka mwaka 1910 ilinunua ardhi kandokando ya njia yake, ikajenga nyumba katika mji wa Ikeda, kwenye njia hiyo, na kuziuza kwa malipo ya awamu. Haikukaa kusubiri abiria.

Kinachoniuma ni mkulima. Anauza shamba kwa bei ya shamba, kisha analiona likikatwa viwanja na kuuzwa ghali. Faida inamwendea aliyejua mapema treni itapita wapi, hata pale reli ilipojengwa kwa fedha za umma. Wanaopanga reli wawaambie wakulima kabla ya madalali, na maeneo ya shule na maji yatengwe kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa.