Bumba la Nyuki Kichwani, Mama Mkwe Getini

Mtu aliyehudhuria semina ya siku tatu ni wa kuogopwa. Yangu ilikuwa ya ufugaji nyuki, na nilirudi nyumbani Chanika na daftari, kalamu ya bure na mzinga mmoja mtupu ambao mke wangu alishaugeuza meza ya kuanikia vyombo.

Basi Jumamosi moja, saa tisa alasiri, tukasikia mvumo. Bumba la nyuki limetua kwenye mwembe wa uani, tawi la chini, limening'inia kama fenesi, ila fenesi ambalo ganda lake linatembea. Watoto mbio ndani. Jirani mmoja akaja na dumu la mafuta ya taa.

"Hakuna kuchoma nyuki hapa!" nikasema, kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu. "Hawa wako safarini. Hawana masega wala watoto wa kulinda, na matumbo yamejaa asali waliyobeba. Nyuki wa hivi ni mpole kama kuku anayeatamia."

Kuku anayeatamia si mpole hata kidogo, lakini hakuna aliyenisahihisha.

Barazani kwake alikaa mzee mmoja, Mnyamwezi wa Sikonge, mrina asali tangu utoto. Mimi Mzaramo, kwa hiyo watani. Alikuwa anatafuna karanga. Akaniuliza, "Mtani, malkia umemwona?"

"Malkia atawafuata watu wake."

Mzee akacheka mpaka karanga zikampalia. "Huko kwenu Uzaramoni, labda."

Nikajivika: kofia ya pama, juu yake chandarua nimekifunga shingoni kwa kamba ya kiatu, glovu za kufulia, suruali ndani ya soksi. Mzinga nikauweka chini ya tawi, kifuniko wazi. Nikapanda kwenye stuli. Semina ilisema utikise mara moja tu, kwa nguvu, usisitesite. Mimi nilitikisa mara tatu, zote nasitasita.

Nusu ya bumba ikaangukia mzingani, pwaa, kama uji mzito. Nusu ya pili ikaniangukia mimi. Nilishuka, nikajikuta nimekaa kwenye stuli ileile, nikatulia niwangoje wahamie kwa wenzao. Wakawa wanahama kweli, ila wale wa mzingani ndio waliokuwa wanakuja kwangu. Foleni nzima: gotini, tumboni, kifuani, hadi kofiani.

"Mtani," mzee akaita kutoka barazani, "malkia sasa nimemwona. Usiiguse kofia."

Niliwaona nyuki kwa upande ambao semina haikutuonyesha, yaani kwa chini. Matumbo mamia yamebanana kwenye chandarua mbele ya macho yangu, huyu kashika mguu wa huyu, yule kashika wa yule, kama mtu anasuka mkeka usoni pangu. Joto lake, usiulize. Kofia ilianza kunielemea shingo. Na mmoja alikuwa ndani. Alitoka shavuni, akapita puani, akasimama juu ya mdomo, akaanza kujipangusa vipapasio vyake bila haraka yoyote, mithili ya bibi harusi mbele ya kioo.

Ndipo geti likalia. Mama mkwe, kutoka Matombo kule Morogoro, bila hata kupiga simu, mkungu wa ndizi kichwani.

Mkwe mwenye adabu huinuka, akapokea mzigo, akaamkia macho chini. Mimi nimekaa kitako na kofia kichwani, natazama mbele kama sanamu. Mama akasimama akingoja shikamoo yake. Nikajitahidi bila kufungua midomo: "Hh-amoo, m-ma."

"Binti yangu," akauliza kuelekea jikoni, "mumeo amelewa?"

Hapo harufu ikanifikia. Semina, siku ya pili: nyuki akichoma, mwiba unatoa harufu ya kuwaita wenzake waje kupigana, na harufu hiyo inafanana sana na ya ndizi mbivu. Na zile ndizi zilikuwa zimeiva mpaka zinapasuka.

"Ndizi!" nikapiga kelele.

"Masikini, kumbe njaa!" Mama akakata moja, akaimenya vizuri, akanisogelea nayo akiwa ameinyoosha mbele. Alibakiza hatua mbili alipogundua kwamba kofia yangu inapumua. Sijawahi kumwona mama mkwe akikimbia, na kwa heshima nilifumba macho. Yule wa ndani naye, kwa kelele nilizopiga, akanichoma mdomo wa juu.

Mzee akaja taratibu, uso wazi, na kopo la mavi makavu ya ng'ombe yanayofuka moshi. Akakata kamba ya kiatu kwa kisu, akainua kofia na chandarua chake kama anaepua sufuria, akavipeleka juu ya mzinga na kuvikung'uta. Mara moja. Punde nyuki wakajipanga mlangoni, mikia juu, mabawa yanapepea.

"Wanawaita wenzao," akasema. "Mama yao kaingia. Na hiyo kofia usiivae, ina harufu yake."

Giza lilipoingia tukaziba mlango kwa kipande cha chandarua, tukaupakia mzinga kwenye bajaji hadi shambani kwa nduguye, Kisarawe. Dereva akauliza nini kinachovuma huko nyuma. Mzee akamjibu redio, haishiki stesheni.

Kofia ni yangu, nimeinunua kwa pesa yangu, na Jumatatu jua lilikuwa kali. Nikaivaa. Mdomo bado umevimba upande mmoja, nikapita chini ya mwembe, ambako kumbe walibaki wachache waliokuwa matembezini tulipohamisha mji. Sikuwasikia. Nilipanda daladala ya Gongo la Mboto, nikashangaa siti ya jirani yangu inakuwa tupu, kisha ya nyuma, kisha ya mbele.

Konda akanitazama juu ya kichwa, akahesabu kwa kidole.

"Braza, wewe na hao saba, nani analipa?"