Perege wa Pangani na Wageni Wasioondoka

Abiria wanaopita Korogwe huufahamu mji huo kwa joto lake, kwa mashamba ya mkonge yanayouzunguka na kwa wachuuzi wanaokimbilia madirisha ya mabasi. Ni wachache wanaojua kwamba jina la mji huo limo pia katika maandiko ya wanasayansi wa samaki, kwa kuwa tangu mwaka 1955 yupo perege anayeitwa kitaalamu Oreochromis korogwe, ambaye asili yake ni Mto Pangani na Mto Zigi, yaani mito yetu sisi watu wa Tanga. Pamoja naye yupo ndugu yake, Oreochromis jipe, ambaye maskani yake huanzia Ziwa Jipe, mpakani mwa Tanzania na Kenya, na kushuka na maji ya Pangani, wala asili yake haiko katika bonde jingine lolote duniani. Huyu wa pili wahifadhi wa kimataifa wamemweka katika daraja la viumbe vilivyo hatarini kabisa kutoweka, na ndiye hasa aliyenifanya niandike makala haya.

Siku moja nilisimama sokoni Korogwe mbele ya mama mmoja aliyekuwa na beseni la samaki wa mtoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha nikamuuliza wale ni perege wa aina gani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni ya aina gani, akasema: “Perege ni perege, mwanangu. Ukishamkaanga, nani atamuuliza kabila?”

Simlaumu mama yule, kwani nami nimekula perege maisha yangu yote pasipo kuwauliza kabila. Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba jibu lake, ambalo ndilo jibu letu sote, ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Neno perege linatosha jikoni, lakini kwa mtu anayetaka kujua ni kipi kinachopungua mtoni halimsaidii zaidi ya neno “mti” linavyomsaidia anayeutafuta mvule. Samaki wa asili anaweza kumalizika katika Mto Pangani huku soko la Korogwe likiendelea kujaa perege kila asubuhi, na asiwepo hata mmoja wetu wa kushtuka.

Aliyewatambulisha samaki hawa kwa wanasayansi ni Rosemary Lowe, mtafiti Mwingereza aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika maziwa na mito ya Afrika Mashariki. Katika samaki wa Jipe na Pangani alitofautisha zaidi ya aina moja, akazipa majina ya jipe, pangani na girigan, na baadaye wataalamu wengi wakaona kwamba hao watatu ni aina moja yenye sura zinazotofautiana kwa mahali. Mimi si mtaalamu wa kuamua ugomvi huo. Ninachokiona ndani yake ni kwamba samaki wa mto huu mmoja walitofautiana kiasi cha kumfanya mtafiti makini awape majina matatu, na kwamba tofauti hizo hazikuzuka kwa siku moja.

Mto wenyewe unaeleza sababu. Upande mmoja maji ya Kilimanjaro na Meru huteremka kwa Mto Kikuletwa. Upande mwingine Ziwa Jipe, linalopokea Mto Lumi na vijito vya Upare wa Kaskazini, humwaga maji yake kwa Mto Ruvu, ambao msomaji wa Bagamoyo asiuchanganye na Ruvu yake. Mito hiyo hukutana Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo ndipo huitwa Pangani. Huingia katika mbuga za maji za Kirua, hupokea Mto Mkomazi na Mto Luengera unaotoka Usambara, huporomoka katika maporomoko ya Hale na Pangani, na hatimaye hufika baharini kwenye mji wa Pangani, baada ya mwendo wa takriban kilomita 500. Ndani ya mwendo huo mna ziwa lenye mafunjo, mbuga zinazofurika na kukauka, maji ya kasi juu ya mawe, na maji mazito ya mikoko ambamo chumvi hupanda na kushuka. Kwa hiyo anayeonyesha maskani ya perege huyu kwa kuchora mstari mmoja wa buluu ramani nzima anadanganya kidogo, kwa sababu si kila kipande cha mto kinamfaa.

Perege wa jamii hii hupenda ukingo. Dume huchimba shimo la duara mahali penye maji mafupi, hulisafisha na kulilinda, na jike akishataga hapo huyachukua mayai kinywani mwake na kuyalea humo hadi vifaranga vitakapoweza kuogelea vyenyewe. Samaki anayezaa namna hii anahitaji maji yanayotambaa taratibu juu ya majani wakati wa masika, kisha yatulie. Tangu bwawa la Nyumba ya Mungu lijengwe katika miaka ya 1960, mafuriko ya chini yake yanatawaliwa na mahitaji ya umeme na kilimo cha umwagiliaji, na mbuga za Kirua zimepungua sana. Huko Jipe nako udongo unaosombwa kutoka milimani umejaza ziwa, na magugu yakaota juu yake. Sisemi umeme wa Hale uzimwe, kwani nami naandika haya kwa taa hiyohiyo. Nasema tu kwamba samaki hupoteza nyumba yake hata pale mto unapoonekana kwa macho kuwa bado una maji.

Lakini linaloniuma zaidi si maji. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu maarufu kuhusu mji wetu: waja leo waondoka leo. Katika Mto Pangani wamekuja wageni ambao hawakuondoka, nao hawakuja kwa miguu yao wenyewe. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilianza majaribio ya ufugaji wa samaki hapo Korogwe, na katika miongo iliyofuata samaki wa kutoka mabonde mengine walihamishiwa mitoni na mabwawani kwa nia njema kabisa ya kuwapa watu kitoweo. Mmoja wao ni ngege, Oreochromis esculentus, mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Hapa pana kichekesho kichungu, kwa sababu ngege kwao karibu amalizwe baada ya sangara na sato kuingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na leo huyo aliyeonewa kwao ni mvamizi kwetu. Hata sato, ambaye kila mtu humwita samaki wa Mwanza, ni mgeni huko Mwanza, na sasa yupo pia katika mto wetu.

Mgeni katika samaki hawa hali tu chakula cha mwenyeji na kumnyang’anya mahali pa kuzalia. Humuoa pia. Aina za Oreochromis, jamii ya perege ambamo sato na ngege nao wamo, huzaliana kwa urahisi, na watoto wao nao huzaa, hivyo baada ya vizazi kadhaa mto unaweza kujaa samaki wenye afya ambao si sato wala si perege wa asili. Jambo hili limeonekana wazi kusini mwa nchi. Katika maziwa madogo ya Lindi, yakiwemo Rutamba, Nambawala na Mitupa, kuna samaki wanaohesabiwa kuwa ni Oreochromis korogwe, ingawa wako mbali sana na Pangani na katikati pana mito mingi isiyokuwa naye. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba hao wa Lindi wametengana sana na hawa wa kwetu, na papo hapo ukaonyesha kwamba tayari wanachanganyika na sato na mgeni mwingine aliyeletwa. Wametambuliwa na kuanza kupotea kwa wakati mmoja.

Najua mfugaji wa Muheza au Mombo atanijibu kwamba sato hukua upesi na kwamba watoto hawasomeshwi kwa samaki wa asili. Ni hoja ya haki, lakini haijakamilika. Katika miaka ya 1950 hadi 1960, huko Malacca, katika Malaysia ya leo, mtafiti Hickling aliwachukua perege kutoka Zanzibar, wa aina ambayo asili yake ni Mto Wami, jirani yetu wa kusini, akapandisha madume yao kwa majike ya perege wa Msumbiji, akapata watoto ambao wote ni madume. Kwa mfugaji wa perege hiyo ilikuwa habari kubwa, kwa kuwa madume hukua kuliko majike na bwawa lenye madume watupu halijai vifaranga. Faida hiyo ilipatikana kwa sababu pande zote mbili zilikuwa safi. Anayeuchanganya mto leo anaichoma ghala ya mbegu ambayo mwanawe angeihitaji.

Ndiyo maana naona si busara kugawa vifaranga vya sato kwa mabwawa yaliyochimbwa kando ya mito ya bonde la Pangani, ambayo masika moja tu ya nguvu huyaunganisha na mto. Wanaotaka kufuga sato wafuge mahali ambapo maji hayafiki mtoni, na vituo vya kuzalisha vifaranga vijaribu pia perege wa bonde lenyewe. Kabla ya hayo yote, vijito vya juu vipimwe kimoja kimoja, ili tujue ni wapi wenyeji bado wanaishi peke yao, kwa kuwa hapo ndipo pa kuanza kulinda.

Niliporudi Korogwe mara ya pili nilikuwa nimejifunza alama moja rahisi: sato ana mistari ya kusimama, iliyopangwa vizuri, katika mapezi ya mkia. Niliinama kwenye beseni la mama yuleyule, nikawa nageuza samaki mmoja baada ya mwingine na kuwafungua mikia, na mistari ilikuwapo karibu kwa kila niliyemshika. Aliniacha kwa muda, kisha akauliza kama nanunua au nahesabu mikia. Nilinunua wawili ambao mikia yao haikuwa na mistari, akanifungia, kisha akamshika mmoja wa waliobaki na kuutazama mkia wake.