Kiboko, Kifaru na Swali la Nasaba

Ukimwonyesha mtu asiyewahi kusoma biolojia kiboko, kifaru, farasi na nyangumi, kisha ukamwomba awapange kwa udugu wao, kiboko na kifaru atawaweka bega kwa bega bila kusita. Wote wawili ni wazito, wana ngozi nene isiyo na manyoya mengi na miguu minene kama magogo, na wote hula majani. Jibu hilo lina mantiki yake, ila si sahihi. Kifaru ni jamaa wa farasi na punda milia, ilhali kiboko, kati ya wanyama wote walio hai leo, hana jamaa wa karibu kuliko nyangumi na pomboo. Nimeanza na mfano huu kwa sababu naamini kwamba uainishaji wa viumbe hai, kama wengi wetu tulivyoupokea darasani, umebaki kuwa zoezi la kukariri safu ya majina kuanzia himaya, faila na ngeli hadi jenasi na spishi, hali wanabiolojia wenyewe wanauliza jambo jingine kabisa, nalo ni nasaba: nani wana mzazi mmoja, na waliachana lini.

Hata mabingwa waliwahi kukosea hapa. Carl Linnaeus wa Uswidi, ambaye hadi leo tunatumia utaratibu wake wa kumpa kila kiumbe jina la maneno mawili ya Kilatini, aliwaweka nyangumi miongoni mwa samaki katika kitabu chake cha mwaka 1735, akawahamishia kwa mamalia katika toleo la 1758. Katika toleo hilohilo aliwagawa mamalia kwa kutazama zaidi meno, hasa ya mbele, na matokeo yake kiboko akawekwa kundi moja na farasi, na kifaru, amini usiamini, akaketi pamoja na nungunungu, sungura na panya. Simcheki. Hakuwa na sababu ya kutafuta ukoo, kwa kuwa kwake yeye spishi zilikuwa zimeumbwa kila moja peke yake, na kazi ya msomi ilikuwa kuzipanga vizuri kama mtu anayepanga vitabu rafuni. Kwa mpangaji wa vitabu, kigezo chochote kinafaa ilimradi akifuate bila kuyumba.

Charles Darwin ndiye aliyebadilisha swali lenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1859 kilikuwa na mchoro mmoja tu, nao ulikuwa wa mistari inayotawanyika kama matawi, na humo alieleza kwamba uainishaji utakuja kuwa, kadiri inavyowezekana, orodha ya nasaba. Ilichukua muda mrefu kulitimiza hilo. Mjerumani Willi Hennig, aliyekuwa mtaalamu wa wadudu, ndiye aliyeweka mwaka 1950 kanuni kali ambayo wengi wanaifuata sasa: kundi la haki ni lile linalojumuisha mzazi mmoja pamoja na wazao wake wote, bila kumwacha nje hata mmoja kwa kisingizio kwamba amebadilika mno.

Nirudi kwa kiboko, kwa kuwa ushahidi wake unapendeza kuutazama kwa karibu. Katika kifundo cha mguu wa nyuma wa mamalia kuna mfupa mdogo unaobeba muundi. Kwa farasi, mbwa au binadamu, mfupa huo una umbo la kapi upande wa juu tu, pale muundi unapozungukia. Upande wa chini hauna umbo hilo. Kwa ng'ombe, nguruwe, ngamia na twiga, yaani wanyama wa kwato shufwa, mfupa huo una kapi juu na kapi chini, kiasi kwamba ukiushika mkononi hutauchanganya na wa mnyama mwingine. Mwaka 2001 timu mbili za watafiti, kila moja kivyake, zilichapisha maelezo ya visukuku vya nyangumi wa kale kutoka Pakistan, wenye umri wa takriban miaka milioni 47 hadi 50, ambao bado walikuwa na miguu ya nyuma. Katika vifundo vyao ulikutwa mfupa wenye makapi mawili. Miaka michache kabla ya hapo, watafiti wa Japani walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba vipande fulani vya DNA, ambavyo hujinakili na kujipachika ovyo katika kromosomu, vimejipachika mahali palepale kwa nyangumi na kwa kiboko. Kwamba kipande kimoja kitue kwa bahati mahali pamoja katika wanyama wawili wasio na udugu inawezekana. Kwamba jambo hilo lijirudie mara kadhaa, mimi siwezi kuliamini. Haya yote hayana maana kwamba kiboko aligeuka nyangumi, kosa ambalo nimelisikia mara nyingi. Maana yake ni kwamba walikuwa na mzazi mmoja zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita, ambaye hakuwa kiboko wala nyangumi.

Msomaji wa Kiswahili ana faida moja hapa, na nashangaa kwamba walimu hawaitumii. Neno ngeli tunalitumia katika biolojia na katika sarufi. Ukitazama kiambishi tu, kiboko na kifaru wako pamoja na kiti na kisu, kwa kuwa wingi wao ni viboko na vifaru. Ukisikiliza upatanisho, utasema kiboko amezama na viboko wamezama, na hapo unatambua kwamba wako na mtu. Tofauti kati ya sura ya neno na uhusiano wake katika sentensi kila mzungumzaji anaijua bila kufundishwa. (Mfano huu usivutwe mbali, maana ngeli za sarufi hazihusiani na ukoo wa viumbe.)

Ukishakubali kanuni ya nasaba, baadhi ya makundi tuliyoyazoea hayasimami. Mamba ana moyo wenye vyumba vinne kamili, kama kuku, na nasaba yake iko karibu na kuku kuliko na kenge. Kwa hiyo ama ndege waingizwe ndani ya reptilia, ama neno reptilia liachwe. Mimi nachagua la kwanza. Wapo wanaolalamika kwamba hili linavuruga lugha ya kawaida, nami naona hofu hiyo imekuzwa mno: mvuvi ataendelea kusema samaki na ataeleweka, ingawa samaki wenye mapafu wana udugu wa karibu zaidi na sisi kuliko na jodari.

Ngazi zenyewe, oda na familia na nyinginezo, nazichukulia kama mapatano ya kiofisi. Oda ya popo ina spishi zaidi ya 1,400. Oda ya mhanga ina spishi moja tu iliyo hai. Kuambiwa kwamba yote mawili ni oda hakukupi habari yoyote kuhusu umri wala wingi, na mwanafunzi anayepoteza alama kwa kusahau kama kundi ni oda au familia anaadhibiwa kwa jambo dogo. Nasaba nayo ina mipaka yake, kwa kuwa bakteria hupeana jeni hata kama si wazao wa mzazi mmoja wa karibu, na huko chini mti wa uhai unafanana zaidi na wavu.

Anayedhani kwamba huu ni ubishi wa wasomi peke yao awatazame tembo wa Afrika. Kwa muda mrefu shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwatathmini kama spishi moja, iliyo katika ngazi ya chini kati ya ngazi tatu za hatari ya kutoweka. Ushahidi wa DNA ulipoonyesha kwamba tembo wa msituni na tembo wa savana waliachana miaka milioni kadhaa iliyopita, mwaka 2021 walitathminiwa kila mmoja peke yake. Tembo wa savana alipanda ngazi moja, na tembo wa msituni akaenda moja kwa moja hadi ngazi ya juu kabisa, kwa kuwa kupungua kwake kulikuwa kumejificha ndani ya hesabu ya pamoja, katika mstari mmoja wenye jina moja.