Mashine inarekodi simu ya mezani, kazi inafanyika kwenye kitochi

Rafiki yangu mmoja yuko kwenye kamati ya zabuni ya taasisi ambayo sitaitaja. Juzi kanitumia rasimu ya vipimo vya mfumo wa kurekodi sauti kwa ajili ya chumba chao cha simu za dharura. "Kaka, hebu tupia jicho, wewe ulishakaa vyumba hivyo." Nimetupia yote mawili, na damu imenipanda.

Vipimo vinataka mashine ya chaneli sitini, yaani ya kurekodi laini sitini kwa pamoja, wakati simu za mezani za chumba kile unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Vinataka programu ya kutambua hasira kwenye sauti ya mpigaji. (Nyumba ya mtu inaungua, sisi tunasubiri kompyuta itujulishe kwamba hajafurahi.) Vinataka mazungumzo yageuzwe maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kihispania. Kiswahili hakimo! Ni wazi kuna mtu kachukua vipimo vya uwanja wa ndege wa nchi ya watu, kabadilisha nembo, kaenda kunywa chai. Na katika kurasa zote hizo hakuna mstari unaouliza jambo dogo: mpokea simu wa zamu ya usiku akishapokea taarifa ya moto, anamwita dereva wa gari la zimamoto kwa kutumia nini?

Tuliokaa humo tunajua. Anatumia simu yake mwenyewe.

Taarifa inaingia kwa laini ya ofisi na inarekodiwa vizuri kabisa. Mama anasema moto uko Mbagala, nyuma ya sheli, siyo ile ya barabarani, ile nyingine. Mpokea simu anaandika kwenye daftari, anarudisha mkonga, anachomoa kitochi mfukoni na kumpigia dereva. "Uko wapi? Gari lina maji?" Maji yapo, mafuta hayatoshi. Anampigia mkuu wa zamu, naye kwa namba binafsi. Mkuu anasema ngoja niongee na fulani. Fulani hapokei. Ramani inatumwa WhatsApp, dereva hana bando. Kesho yake wafiwa wanauliza mbona mlichelewa, na ofisi inatoa rekodi yake nzuri: mama analia, kijana anamjibu kwa upole, "tunakuja mama." Mambo ya mafuta, nani alimwambia nani asubiri, na walisubiri kwa muda gani, yote yamo kwenye simu za watu watatu, na kila mmoja anaweza kuapa kwamba hakuambiwa.

Wakubwa hupenda kuuita huu utovu wa nidhamu. Nidhamu gani, wakati laini ya ofisi imefungwa isipige namba za mkononi ili kubana matumizi? Kijana anaokoa watu kwa vocha yake, halafu anasomewa waraka wa matumizi sahihi ya vifaa. Wanakamati, tazameni m-mama, ile namba 115 ya kusafirisha wajawazito kwa dharura. Utaratibu wake ni kwamba gari la wagonjwa likikosekana, anaitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, anamfuata mjamzito na gari lake mwenyewe, kisha analipwa kwa simu. Waliobuni hivyo walitazama nchi ilivyo. Kwenye kazi ya namna hiyo kumpigia dereva ndiyo kazi yenyewe, na popote inapofanyika, ukirekodi anayeomba gari ukaacha anayeulizwa kama atakuja, umebaki na ombi bila jibu.

Na msidhani ni shida ya maskini peke yake. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell liliungua London na watu 72 wakafa. Simu za 999, namba ya dharura ya huko, zilirekodiwa, na kutokana nazo tume ya uchunguzi iliweza kufuatilia wakazi waliambiwa nini na saa ngapi. Simu ya kwanza iliingia saa 6:54 usiku. Kwa muda mrefu watu waliambiwa wabaki ndani. Ilipofika saa 8:35 chumba cha simu kikaamua kuwaambia watoke, na kamanda aliyekuwa eneo la tukio akafikia uamuzi huo saa 8:47, kivyake. Dakika kumi na mbili hizo zinajulikana kwa sababu saa na kumbukumbu vilikuwepo. Lakini taarifa za nani kanasa ghorofa gani zilipotoka chumba cha simu kwenda kwa askari wa zimamoto pale jengoni, zilipitia redio, simu za mkononi, vipande vya karatasi, hadi kuandikwa ukutani. Huko ndiko zilikovurugika. London hiyo, yenye fedha zake.

Kwa hiyo kabla hamjaandika neno "chaneli", kaeni zamu moja ndani ya chumba, ya usiku, na muandike kila mdomo unaofunguka na chombo unachotumia. Simu inayoingia, simu inayotoka, redio ya upepo, WhatsApp, mlinzi anayepiga kelele dirishani. Halafu jengeni njia ambayo simu ya kumwita dereva inapita kwenye swichibodi ya ofisi, kwa laini zenye salio, na madereva waijue namba hiyo. Mashine itarekodi kinachopita hapo. Nasikia kuna mjanja kashapendekeza wapokea simu wawekewe programu ya kurekodi kwenye simu zao. Google iliwabana watengenezaji wa programu hizo tangu Mei 2022, na hata ikifanya kazi, rekodi za umma zitakaa kwenye simu ambayo kesho inaibiwa kwenye daladala.

Kuna jambo lingine ambalo vipimo havitaji kamwe: woga. Niliwahi kuwa chini ya bosi ambaye rekodi ya kwanza kuiomba haikuhusu ajali yoyote. Alitaka kujua nani kamsema. Haikuisha wiki, chumba kizima kikahamia WhatsApp, na mashine ya mamilioni ikabaki kurekodi salamu. Hivyo andikeni nani anaruhusiwa kusikiliza, na kila anayesikiliza aache jina na saa bila uwezo wa kufuta, bosi akiwemo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, inafanya kazi tangu Mei 2023, na anayepiga simu usiku kumtaja mume aliyemvunja mkono hakupiga ili asikilizwe na mtu wa uhasibu.

Mengine kwa haraka. Saa ya mashine, ya redio na ya kompyuta ziwe saa moja, vinginevyo wakili atawachezea kama mpira. Rekodi itoke kwa mfumo ambao kompyuta yoyote inaufungua, maana mzabuni akifunga duka mtabaki na nyaraka bubu. Umeme: mnakaa nchi gani? Kesi ikifika mahakamani, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinatazama rekodi ilitengenezwa, ilitunzwa na kulindwa vipi, kwa hiyo atakayeweza kuhariri sauti asiwepo. Na msiibane sauti eti kuokoa nafasi. Sauti ya simu isiyobanwa ni kilobiti 64 kwa sekunde, laini moja ikirekodiwa mfululizo mwaka mzima haifiki GB 260. Diski ya kiasi hicho inauzwa Kariakoo. Ukiibana hadi kilobiti 8 yanabaki maneno, lakini mlio wa nyuma unavurugika, na mara nyingine mlio wa nyuma ndio ushahidi.

Haya, nitakubali moja, kwa shingo upande: hata mashine yao hiyo ya chaneli sitini itasaidia kuwakamata wanaopiga simu za mzaha. Wanatesa, wanaziba laini, sina huruma nao. Ila kwa kazi hiyo hamhitaji kutambua hasira kwa Kihispania.

Kama kuna anasa moja ningeilipia, ni kitufe cha kurudia sekunde thelathini zilizopita papo hapo, mpigaji akiwa bado hewani au ameshakatika. Vibao vya anwani za makazi tumewekewa, lakini mtu aliyechanganyikiwa hasomi kibao, anasema "hapa kwa Mangi" na simu inakata. Mpokea simu ausikie tena ule mtaa, sasa hivi, siyo baada ya barua kwa mkurugenzi.

Rafiki yangu ananiambia zabuni haijafunguliwa, bado mnaweza kutoa marekebisho. Basi ongezeni jaribio hili. Mzabuni afunge mashine yake chumbani, mtu apige simu ya majaribio kutoka nje akiwa na kitochi, na mpokea simu aifanye kazi kama anavyoifanya kila usiku hadi gari litoke getini. Msimwelekeze chochote. Kisha mwambieni mzabuni awasikilizishe kila neno lililosemwa, kuanzia la mama hadi la dereva, na asiyeweza arudishiwe makabrasha yake.