Si Unajifunza?

Ofisi ya wabunifu majengo niliyoanzia kazi ilikuwa Kinondoni, Dar es Salaam, ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae. Nilifika saa 1 na nusu asubuhi na shati lililonyooshwa mpaka kwenye mikono, matokeo ya miaka 5 ya Chuo Kikuu Ardhi yakiwa kwenye bahasha ya kaki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikabidhiwa kabla sijamaliza chai: kompyuta ambayo feni yake ililia kama mashine ya kusaga, na michoro ya hosteli ya ghorofa 4 iliyotakiwa kufika manispaa Ijumaa. Mshahara tulikuwa hatujauzungumzia. Wiki ya pili ilipoisha nikajikaza nikauliza. Mzee (ofisi nzima tulimwita hivyo, naye alipenda) alicheka kwa upole, akanishika bega.

"Kijana wangu, kwani si unajifunza?"

Tukakubaliana nauli. Sh 150,000 kwa mwezi, nayo ilikuja ilipojisikia.

Jina la ofisi sitalitaja. Nimeshawasimulia kisa hiki wabunifu majengo wenzangu wengi, na karibu kila mmoja ameniuliza kama nilifanya kazi pale alipofanya yeye.

Kwenye kila karatasi ya mchoro, kona ya chini kulia, kuna kisanduku. Ndani yake kuna jina la mradi, mteja, skeli, tarehe, halafu mistari miwili midogo: "Amechora" na "Amekagua". Katika faili ambalo ofisi nzima tulianzia kazi, kwenye "Amechora" kulikuwa na herufi mbili za mtu aliyeondoka kabla sijafika. Nikazifuta, nikaweka zangu. Michoro iliporudi kutoka mezani kwa mzee, herufi za yule mtu zilikuwa zimerudi mahali pake. Nikadhani ni bahati mbaya, nikabadilisha tena. Zikarudi tena. Katibu muhtasi ndiye aliyeninong'oneza: mzee hataki wateja wagundue kwamba kila baada ya miezi michache anachora mtu mwingine. Basi ile hosteli ipo mpaka leo, nikipita naangalia ile ngazi ya nyuma niliyoihangaikia siku tatu, lakini kwenye karatasi aliyeichora ni mtu ambaye sikuwahi kumtia machoni.

Tusiwasingizie waajiri peke yao, tabia hii tunaianza wenyewe chuoni. Kule studio anayelala ndiye mzembe. Siku ya kutetea michoro mbele ya walimu, mtu anasimama macho mekundu, ananuka jasho la juzi, na wenzake wanamtazama kwa wivu. Tulijisifia kukesha kama wengine wanavyojisifia ufaulu. Daktari akikesha kuna mgonjwa kitandani, mwoka mikate akikesha asubuhi kuna mkate. Sisi mara nyingi tulikesha tukibadilisha rangi ya anga kwenye picha za kompyuta. Kwa hiyo mwajiri hana haja ya kumlazimisha kijana wetu kulala ofisini, kijana anakuja na shuka lake.

Wiki moja ya zabuni niliihesabu. Jumatatu hadi Jumamosi niliingia saa 2 asubuhi, nikatoka saa 5 usiku. Toa saa moja ya kula kwa mama ntilie, inabaki saa 14 kwa siku, saa 84 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema wiki ya kawaida ya kazi isizidi saa 45, siku isizidi saa 9. Saa za ziada ziwe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki 4, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Hata ukikubali mwenyewe, hakuna ruhusa ya kuvuka saa 12 kwa siku. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuna nyongeza nyingine ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa kila saa. Mimi kwa wiki moja nilikuwa nimefanya saa 39 za ziada, na malipo yake yalikuwa chipsi mayai na soda kwa gharama ya ofisi, tena mzee alizileta mwenyewe, akakaa nasi dakika kumi, akatupigia hadithi za ujana wake. Tulicheka sana usiku ule. Hilo ndilo linalonichanganya mpaka leo.

Maana mzee hakuwa mtu mbaya. Babu yangu alipofariki Songea, mzee alinipa nauli ya kwenda na kurudi, akaongeza laki moja ya rambirambi, na siku ya tatu akapiga simu kumpa pole mama. Wakati huohuo alikuwa anadaiwa na mimi "nauli" ya miezi miwili. Sasa mtu aliyekuzikia utamdai kwa mdomo gani? Ukiingia ofisini kwake unaanza na shikamoo, anakuuliza wa nyumbani hawajambo, anakumbuka hadi jina la dada yako, na ukitoka umesahau kilichokupeleka. Ofisi zetu nyingi huendeshwa hivi, kifamilia. Ukiwa na shida unasaidiwa, ukiwa na haki unaonekana huna adabu. Dada mmoja pale alirudi kutoka likizo ya uzazi, siku 84 kamili kama sheria inavyotaka, akakaribishwa kwa keki na vigelegele. Wiki iliyofuata miradi yake yote ilikuwa kwa watu wengine. "Tumekupumzisha, mama," aliambiwa. Zile saa mbili za kunyonyesha ambazo sheria inampa kwa siku hakuthubutu kuzitaja, kwa kuwa alishapikiwa keki.

Kwenda kushtaki? Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, na kwa madai ya aina hii unapewa siku 60. Lakini kijana aliyehitimu ana kamba nyingine shingoni. Ili Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, ile AQRB, ikusajili kama mbunifu kamili, lazima upite mafunzo ya vitendo chini ya mbunifu aliyesajiliwa, kisha ufanye mtihani. Anayethibitisha kwamba umefundishwa ni yuleyule anayekudai uvumilivu. Nani atampeleka mbele ya msuluhishi mtu anayeshika kalamu ya maisha yake?

Nilikaa pale mwaka na miezi 4. Kilichonifumbua macho ni kikao kimoja na mteja, Jumamosi mchana. Bwana mmoja wa makamo alitaka ghorofa la biashara. Mzee alimtajia ada, kiasi cha haki kabisa kwa gharama ya jengo lile. Yule bwana akasema kuna kijana Sinza anamchorea "ramani" kwa robo ya hapo. Mzee akashuka. Bwana akaguna. Mzee akashuka tena. Nilikuwa nimekaa pembeni na daftari, nikihesabu. Kwa muda usiozidi kikombe cha kahawa, nusu ya ada ikawa imekwenda, na michoro imebaki ileile, idadi ileile ya karatasi, safari zilezile za saiti, tarehe ileile ya kukabidhi. Wakashikana mikono kwa furaha.

Mimi nikabaki najiuliza ile nusu italipwa na nani. Mwenye nyumba hapunguzi kodi. Karatasi na wino wa plota, ile mashine ya kuchapia michoro mikubwa, vina bei yake. LUKU haiambiwi "si unajifunza?" Ofisi ya usanifu haina mali ghafi ya kupunguza kama fundi anavyoweza, Mungu apishe mbali, kupunguza saruji kwenye zege. Ina watu na saa zao, basi. Mzee alikuwa amempa yule bwana zawadi ya usiku wetu, na ninaamini hata yeye hakujua kwamba ndicho alichofanya. Kila nikisikia mjadala wa "vijana wa siku hizi hawana uvumilivu" nakumbuka meza ile. Vijana hawa ndio wafadhili wa nusu ya maghorofa ya mji huu, ila majina yao hayawekwi kwenye jiwe la msingi.

Wala si sisi tu. Mwaka 2019 mbunifu Junya Ishigami wa Japani alipewa heshima ya kujenga banda la kiangazi la Serpentine, jumba la maonyesho ya sanaa kule London, na kabla halijasimama ikafahamika kwamba ofisi yake inatafuta vijana wa kufanya kazi bila malipo. Serpentine ikasema yeyote atakayegusa banda lile alipwe. New York, mwishoni mwa 2021, wafanyakazi wa SHoP, ofisi kubwa yenye majengo marefu, walitangaza kuunda chama cha wafanyakazi, na Februari 2022 wakaliondoa ombi lao la chama hicho. Ofisi ndogo ya Bernheimer, huko huko New York, ikakitambua chama cha watu wake kwa hiari mwaka huohuo wa 2022. Niliposoma malalamiko yao nilishangaa jinsi yalivyofanana na ya kwetu: usiku mrefu, malipo kiduchu, na upendo wa kazi kugeuzwa kuwa sarafu. Tofauti ni kwamba wao walipewa pizza.

Sasa nina ofisi yangu, kama chumba na sebule kinaweza kuitwa hivyo, Sinza, na vijana wawili. Mwaka jana mwezi mmoja mteja alipotea na hela yetu. Tarehe 28 ilifika, vijana wakanitazama, na nikausikia mdomo wangu ukijiandaa: "Jamani, mnajua hali..." Nilitoka nje kujifanya napokea simu. Mshahara ule nilikopa kwenye kikoba cha mke wangu, kwa riba, na bado ananikumbusha. Tangu hapo nusu ya ada inalipwa kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa, na kwenye kila mchoro "Amechora" ni herufi za aliyechora. Saa 12 jioni nafunga mlango mwenyewe, si kwa wema, najijua, nikiacha wazi nitaanza.

Utaratibu huu umenigharimu. Miezi miwili iliyopita nilipoteza nyumba ya Goba, nzuri kweli, kiwanja cha mteremko, ya kutamani. Mteja alitaka nishuke kwa nusu, nikamwandikia kwenye karatasi siku za kazi na watu watakaozifanya, nikamwomba achague wa kumwondoa. Akaniaga kwa heshima. Ofisi iliyoichukua naijua, kijana wao alimpigia wa kwangu kuomba vipimo vya kiwanja.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka Mwenge kwa bajaji, saa 6 usiku, tukapita chini ya ofisi ile. Taa za juu zote zinawaka. Dirishani kijana amejishika kiuno, anasubiri karatasi itoke kwenye plota. Dereva naye akainua macho.

"Hawa watakuwa wanalipwa hela ndefu hawa, mpaka saa hizi?"